Mama anataka kurudi Pangani, na mkono wake bado haujapona

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Temeke na mume wangu na watoto wetu. Ninaandika kwa ajili ya mama yangu mzazi, mwenye miaka 61, ambaye alipatwa na kiharusi akiwa nyumbani kwake Pangani, na sasa ni mwezi wa nane tangu siku ile. Alikuwa mgonjwa wa presha kwa muda mrefu, lakini vidonge alikuwa ameviacha kwa kuwa alijiona mzima. Picha ya kichwa ilionyesha kuwa mshipa wa damu uliziba upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mkono na mguu wake wa kulia ndivyo vilivyopooza. Namshukuru Mungu kwamba usemi umemrudia. Anazungumza polepole lakini anaeleweka.

Alipotoka hospitali nilimleta kwangu ili awe karibu na huduma ya mazoezi tiba. Mara mbili kwa wiki tunakodi bajaji kumpeleka kwa mtaalamu, na mwanzoni maendeleo yalionekana kwa macho: kutoka kubebwa hadi kukaa, kutoka kukaa hadi kusimama, na sasa anatembea ndani ya nyumba kwa fimbo ya miguu minne. Lakini bado anayumba, hasa anapogeuka, na ameshaanguka kwenye kizingiti cha choo, ingawa hakuvunjika. Mkono ndio unaoniumiza zaidi. Anaweza kuinua bega na kukunja kiwiko, na vidole vinafunguka kidogo akijitahidi, lakini hakuna kazi ya maana ambayo mkono ule unafanya. Huyu ni mwanamke ambaye maisha yake yote amesuka ukili na kushona mikeka, na mikeka yake ilikuwa ikiagizwa kabla haijamalizika.

Kula ni vita. Anakataa katakata kutumia mkono wa kushoto, kwani anasema tangu utotoni hajapeleka tonge kinywani kwa kushoto na hataanza uzeeni. Akila kwa mkono wa kulia, wali unamwagika kifuani, chakula kinapoa, na watoto wanamtazama. Kwa hiyo namlisha mimi, na nisipokuwepo analishwa na dada wa kazi. Nimemwagiza dada huyo amwogeshe, amvalishe, asimwache ainuke peke yake, wala asimruhusu kukaribia jiko.

Mwezi uliopita nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa ukisukuma, na ule wa kulia alikuwa ameufunga kwa kipande cha kanga kwenye kifuu ili usichomoke. Jasho lilikuwa linamtiririka. Niliichukua nazi ile mikononi mwake na kumwambia dada wa kazi kwa ukali kwamba jambo hilo lisirudiwe, maana meno ya mbuzi yangeweza kumkata, na kibao chenyewe kiko chini mno, angeweza kupinduka akaanguka kichwa mbele. Tangu siku hiyo mama ana neno moja tu: "Nirudisheni kwangu. Hapa mmenifanya mtoto mchanga." Siku nyingine hasemi hata hilo.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye ninachangia naye gharama, anaona mama apewe ruhusa. Anasema aliambiwa kwamba baada ya miezi sita kilichorudi kimerudi na kisichorudi ndiyo basi, kwa hiyo tunaloendelea nalo ni kupoteza fedha na kumchosha mama, ambaye kwa umri wake anastahili kupumzika. Mama mkubwa, dada yake mama, yupo Pangani na yuko tayari kuishi naye, lakini yeye anaamini kwamba ule ni upepo mbaya, na amekwisha kumtafuta mkandaji wa kumchua kwa mafuta na maji ya moto. Nyumba ya mama ina choo cha kuchuchumaa kilichoko uani, na maji huchotwa kisimani.

Je, ni kweli kwamba muda umeshapita? Nikimwachia aende, nitakuwa nimemtupa mama yangu? Na nikimzuia, ninamzuia kwa haki gani? Usiku sipati usingizi.

Mtoto wa Kwanza, Temeke

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa mzigo huu. Kabla ya yote, naomba uone ulichokwisha kufanya: mama aliyekuwa akibebwa leo anatembea ndani ya nyumba, na hatua hiyo ameipiga akiwa mikononi mwako, huku ukifundisha, ukilea watoto na kutafuta nauli ya bajaji. Anayefanya hayo hamtupi mama yake, hata kama kesho ataamua kumpeleka Pangani.

Umeniuliza kama mama aende au abaki. Nadhani kuna tofauti nyingine kati yenu iliyotangulia swali hilo. Wewe unangoja mkono upone ndipo mama arejee kwenye shughuli zake. Yeye anataka kurejea kwenye shughuli zake na mkono huu huu, kama ulivyo. Katika barua yako ndefu na nzuri umenieleza wanachotaka kaka yako, mama mkubwa na wewe mwenyewe, lakini sikuona mahali mama alipoulizwa anataka mkono ule umfanyie nini. Sisemi hukuuliza. Nasema lingekuwa swali la kuanzia, na jibu lake lingemsaidia hata mtaalamu wa mazoezi, kwa sababu mazoezi yanayofuata lengo la mgonjwa mwenyewe hufanywa kwa moyo tofauti kabisa na yale ya kuinua mkono ili uhesabiwe.

Sasa hiyo miezi sita. Kaka yako hakuitunga habari hiyo; sehemu kubwa ya maendeleo baada ya kiharusi huonekana katika miezi ya mwanzo, wakati uvimbe kwenye ubongo unapungua na sehemu zilizonusurika zinachukua kazi za sehemu zilizokufa. Kosa ni kudhani kwamba mlango hufungwa baada ya hapo. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika vituo 7 nchini Marekani kwa wagonjwa 222 ambao walikuwa wamepita miezi 3 hadi 9 tangu wapatwe na kiharusi, yaani watu walio mahali alipo mama yako leo. Kundi moja lilivalishwa glavu nene kwenye mkono mzima, yaani ule usiopooza, kwa muda mwingi wa siku, kwa wiki 2, huku mkono dhaifu ukifanyishwa kazi kwa saa nyingi chini ya uangalizi wa wataalamu. Kundi hilo lilipata nafuu kubwa kuliko wale waliopata huduma ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye nafuu ile ilikuwa bado ipo. Haikuwa kupona kabisa, na sitaki nikupe tumaini la uongo. Lakini ni ushahidi kwamba mwezi wa nane si mwisho.

Wagonjwa wale walichaguliwa kwa sharti moja ambalo linakuhusu: ilibidi waweze kuinua kiganja kidogo kutoka kwenye kifundo na kufungua vidole angalau kiasi. Umeandika kwamba vidole vya mama vinafunguka kidogo akijitahidi. Huenda ulipokuwa ukiandika mstari huo ulikuwa unasikitika, ila mtaalamu akiusoma atakaa sawa kwenye kiti chake. Muulize, katika ziara inayofuata, kifundo cha mkono kinainuka kiasi gani na kama mama anafaa kwa mazoezi ya namna hiyo.

Wazo lililo nyuma ya tiba hiyo liliasisiwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub. Kwa ufupi, mgonjwa hujaribu mkono dhaifu katika wiki za mwanzo, akashindwa, akamwaga, akaona aibu, na taratibu akajifunza kutoutumia. Kisha hata uwezo unaporudi kidogo yeye hajui, kwa kuwa hajaribu tena. Watu wanaompenda humsaidia kujifunza huko bila kukusudia, kila wanapowahi kikombe kabla yake.

Hapo ndipo ninapotaka tuutazame upya ule ubishi wa mama kwenye chakula. Mtaalamu hulazimika kumvalisha mgonjwa glavu ili asikimbilie mkono mzima. Mama yako kajifunga mwenyewe, kwa adabu aliyolelewa nayo. Mara tatu kwa siku, bila kulipwa wala kusukumwa na mtu, yuko tayari kufanya zoezi gumu la kushika, kuinua na kufikisha kinywani, na zoezi hilo tunamnyang'anya kwa sababu wali unamwagika. Je, ingewezekana akala mapema kidogo, kabla watoto hawajakaa, ili macho yao yasimtie haya? Ingewezekana akaanzishiwa ugali, ambao hushikika na kutulia kwenye vidole, kabla ya wali? Anaweza kuegemeza kiwiko mezani, kitambaa kikawa mapajani, na matonge ya mwanzo yakawa yake, kisha ukamalizia wewe anapochoka, kwani uchovu baada ya kiharusi ni wa kweli na haumaanishi uvivu. Na siku ambazo mkono umegoma kabisa, masheikh watakwambia kwamba mwenye udhuru ana ruhusa ya kutumia kushoto. Pengine akiambiwa na sheikh wake mwenyewe litamwingia kuliko likitoka kwako.

Kuhusu nazi, hofu yako ilikuwa ya haki. Mbuzi ni kiti cha chini, chenye meno mbele yake, na mtu ambaye mwili wake unayumba hana uhakika wa kujizuia akiinama kupita kiasi. Hata hivyo angalia alichokifanya: amebuni njia ya kuufunga mkono dhaifu ili ushiriki kazi ya mikono miwili, amekaa wima bila kuegemea, na amesogeza uzito mbele na nyuma mara nyingi kwa ajili ya kitu ambacho yeye anakijua na kukipenda. Mazoezi ya kukaa kwa mizani na mazoezi ya mkono yamekutana pale. Swali si kama arudi kwenye mbuzi wiki hii, bali ni kazi gani nyingine ya mikono miwili inayoweza kufanywa kwenye kiti imara na meza: kuchambua mchele kwenye ungo, kukunja kanga, kumenya viazi vilivyokwisha kuchemshwa, au ukili wenyewe, kwa ukindu uliochanwa mapana kuliko kawaida ili vidole vipate cha kushika. Ukili wa kwanza utakuwa mbaya. Naomba usiufumue ukaurekebisha akiwa amelala.

Nina onyo hapa, kwa sababu najua jinsi habari za glavu zinavyoweza kufurahisha. Usimfunge mama mkono mzima akiwa anasimama au kutembea. Mkono ule ndio unaoshika fimbo, na ndio utakaomdaka akianza kuanguka. Zoezi lolote la kuuzuia mkono mzima lifanyike akiwa amekaa, na baada ya mtaalamu kumwona.

Mizani ya mwili nayo ina mazoezi yake, na moja naweza kulieleza kwa kuwa karibu kila mtaalamu hulianza: kusimama kutoka kwenye kiti. Kiti kiwe kigumu, kimeegemezwa ukutani. Nyayo zote zikanyage chini, ila mguu wa kulia urudishwe nyuma kidogo kuliko wa kushoto ili nao ulazimike kubeba uzito, maana mwenye kiharusi huegemea mguu mzima bila kujijua. Kifua kiiname mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo anyanyuke, na kuketi kwake kuwe kwa polepole kuliko kusimama. Dada wa kazi asimame upande wa kulia, mkono wake ukiwa kiunoni mwa mama, na kamwe asimvute kwa mkono uliopooza wala kumnyanyua kwa kumshika kwapani; bega lisilo na misuli ya kulishikilia huchomoka kwa wepesi, na maumivu yake yanaweza kukomesha mazoezi yote. Utaona kwamba agizo lako kwa dada huyo lingebadilika: badala ya kumzuia mama asiinuke, awe naye anapoinuka.

Muulize mtaalamu pia kama amempima mama kwa kipimo cha Berg cha mizani ya mwili, chenye majaribio 14 na jumla ya alama 56, kama vile kusimama kwa macho yaliyofumbwa, kugeuka na kuokota kitu chini. Alama za zamani zikiwekwa kando ya za leo, wewe na kaka yako mtazungumza juu ya jambo lililopimwa, na si juu ya matumaini yako dhidi ya uchovu wake.

Sasa tuje kwenye safari. Akibaki Dar es Salaam, ana mtaalamu wa karibu, na wewe unaviona vidonge vyake kwa macho. Lakini usidhani kwamba kwako ni salama na Pangani ni hatari. Kizingiti kilichomwangusha ni cha kwako, na ukimya unaousimulia unanitia wasiwasi. Karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi huingia katika sonona, ambayo mara nyingi huonekana kama ukaidi au kuchoka tu, na sonona huua mazoezi. Mweleze daktari hali hiyo kwa jina lake, ina tiba.

Akienda Pangani, anapata uani kwake, majirani zake, dada yake wa kuzungumza naye, na sababu nyingi za kuamka asubuhi. Anapata pia kisima, giza la usiku kati ya mlango na choo, na kuchuchumaa, ambako ni kugumu kwa mguu wake. Mambo hayo yana marekebisho yasiyo makubwa: kiti cha choo kilichotobolewa katikati, bomba la kushikia lililojengewa ukutani, taa ya jua, ndoo ya usiku chumbani. Yafanyike kabla hajafika. Mtaalamu hawezi kuachwa kabisa. Nchini India familia zilifundishwa kuwafanyisha wagonjwa wao mazoezi nyumbani, katika jaribio la watu 1,250 ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2017, na baada ya miezi sita wagonjwa wale hawakuwa na nafuu zaidi ya wale wa huduma ya kawaida. Upendo wa familia na mafunzo ya muda mfupi, vikiwa peke yake, havitoshi. Lazima awepo mtu wa kuangalia zoezi lililokwisha kuwa jepesi na kuliongezea ugumu. Pangani si mbali na Tanga mjini, karibu kilomita 50, na pale ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Pigeni simu au nendeni mkaulize huduma ya utengamao, yaani ya kumrejeshea mgonjwa uwezo wake, inapatikana kwa utaratibu gani na kwa gharama gani, kabla ya kutaja tarehe mbele ya mama.

Kati ya hayo mawili ipo njia nyingine ambayo barua yako haikuigusa: aende kwa muda, tuseme likizo ya shule wakati wewe unaweza kuwa naye, muone kwa pamoja anavyosogea katika nyumba yake. Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kukataa kurudi, na itabidi muwe mmekubaliana mapema mtafanya nini likitokea hilo.

Usimkabili mama mkubwa kama adui wa tiba. Watafiti waliowahoji watu wa wilaya ya Hai, mashambani Kilimanjaro, na wa Dar es Salaam juu ya chanzo cha kiharusi walikuta kwamba imani ya mapepo na uchawi ilikuwa na nguvu mjini kuliko Hai, kwa hiyo asionekane mshamba kwa kuamini hivyo. Kuchuliwa taratibu kwa mafuta kunaweza kumpumzisha mama, na mkono wa ndugu una faraja yake. Yapo mambo matatu tu ya kumwomba, kwa heshima: bega na vidole visivutwe wala kunyongwa, maji ya moto yapimwe kwanza kwa mkono wa mtu asiyepooza, kwa sababu upande uliopooza mara nyingi hausikii joto na huungua bila mwenyewe kujua, na vidonge vya presha visiachwe hata mama akijiona mzima namna gani. Hilo la mwisho mama mwenyewe analijua uzito wake. Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea zaidi au maneno yakivurugika, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo kabla ya mkandaji kuitwa.

Umeuliza unamzuia kwa haki gani. Nadhani unaijua sehemu ya jibu: akili yake ni timamu, anasema, na nyumba ni yake. Kumweleza hatari zote bila kumficha ni haki yake pia, na akizisikia anaweza kuchagua kitu ambacho wewe usingekichagua. Kaa naye siku ambayo huna haraka, umuulize lile swali la mkono, na usikilize mpaka mwisho hata kama jibu lake litakuwa refu na la polepole.

Kaka yako naye aitwe kwenye mazungumzo hayo, akiwa na karatasi mkononi. Mama akihamia Pangani, vidonge vitaendelea kununuliwa, nauli ya Tanga itahitajika, choo kitarekebishwa, na mama mkubwa atahitaji msaidizi wa kuchota maji. Huenda gharama ikapungua, au isipungue kabisa, na ni vema aijue leo, wakati bado mnaamua pamoja.